Jack Northrop na ndege isiyo mkia

Wazee wetu waliopata kusafiri kwa ndege za East African Airways, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977, hawakuisahau Dakota. Ni ndege iliyokuwa ikikaa kiwanjani mkia chini na pua juu, na abiria akiingia ilimbidi apande kilima mpaka kitini pake. Ilitua Mombasa, ikatua Tanga, ikatua Unguja. Jina la kiwanda chake, Douglas, lilijulikana na kila mtu. Lakini bawa la ndege ile, lililosifiwa kote duniani kwa kutojua kuchoka, lilikuwa na baba mwingine ambaye hakutajwa sana. Badala ya kutegemea mhimili mmoja mnene, lilijengwa kwa vijumba vingi vya bati la aluminiamu, hata ngozi yenyewe ya bawa ikawa yabeba sehemu ya uzito. Mwenye ujenzi huo alikuwa John Knudsen Northrop, ambaye watu wote walimwita Jack.

Northrop alizaliwa Newark, katika jimbo la New Jersey, Marekani, tarehe 10 Novemba 1895, akakulia Santa Barbara kwenye pwani ya California. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1913 na hapo ndipo ulipokoma usomi wake. Chuo kikuu hakukiona. Alifanya kazi ya ufundi wa magari, akafanya na kazi ya kuchora ramani za majengo, na mwaka 1916 akaajiriwa na ndugu wawili wa ukoo wa Loughead waliokuwa wakiunda ndege ya kutua majini hapo hapo Santa Barbara. Wenye kiwanda hawakuwa na mtu wa kuwapigia hesabu za mabawa, na kijana huyu akazipiga. Msomaji wa pwani hatashangaa sana. Waundaji wetu wa majahazi nao hawakusoma chuo chochote, na vyombo vyao vilifika Maskati na kurudi.

Mwaka 1927 alichora ndege iitwayo Vega kwa kiwanda cha Lockheed. Mwili wake ulikuwa wa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, zikashindiliwa ndani ya kalibu ya saruji kwa mfuko wa mpira uliojazwa hewa, ukatoka mwili laini kama yai. Kwa Vega, Amelia Earhart alivuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1932, na Wiley Post akaizunguka dunia peke yake mwaka 1933 kwa muda usiotimia siku nane. Mtu mwingine angetosheka na sifa hizo akapumzika. Northrop hakutosheka, kwa sababu moyoni mwake palikuwa na ndege nyingine kabisa.

Fikira yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutenda. Kinachoibeba ndege hewani ni bawa. Mwili haubebi, mkia haubebi. Vyote viwili vinaburutwa tu, na injini inakula mafuta kwa ajili ya kuviburuta. Basi kwa nini visiondolewe? Kwa nini rubani, injini, mafuta na mizigo visitiwe vyote ndani ya bawa lenyewe, ikawa ndege ni bawa tupu?

Jambo hili la mkia lina historia ndefu kuliko watu wa California walivyodhani. Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Kurtuba katika Andalusi, aliyefariki mwaka 887, alijivika manyoya na mabawa akajirusha kutoka mahali pa juu. Al-Maqqari, mwanahistoria wa Tilimsani aliyeandika habari zake katika karne ya 17, asimulia kwamba aliruka masafa, kisha akaanguka vibaya akaumia mgongo, kwa sababu hakuzingatia kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye hakujifanyia mkia. Kwa hiyo miaka elfu moja na ushei baada ya Ibn Firnas kuumia kwa kukosa mkia, Northrop alitaka kuukosa kwa makusudi.

Alianza mwaka 1929 kwa ndege ndogo ambayo bado ilikuwa na kijimkia. Mwaka 1939 akafungua kiwanda chake mwenyewe Hawthorne, California, na tarehe 3 Julai 1940 bawa tupu la kwanza, lililopewa jina la N-1M, likaruka. Lilikuwa dogo, la rangi ya manjano, na injini zake hazikuwa na nguvu za kutosha, ila liliruka. Mabawa yaliinamishwa nyuma ili ndege itulie. Kwa kugeuka, ncha za bawa zilikuwa na vibao vinavyofunguka. Kikifunguka cha kulia, hewa hukishika, upande huo ukapunguza mwendo na ndege ikageukia kulia. Mvuvi anayezamisha kafi upande mmoja ili mtumbwi ugeuke anaijua kanuni hiyo vizuri.

Vita vilipopamba moto, serikali ya Marekani ikaagiza ndege kubwa ya kutupa mabomu ya namna hii. Upana wake kutoka ncha hadi ncha ulikuwa futi 172. Ya kwanza, XB-35, iliruka tarehe 25 Juni 1946, vita vimeshakwisha, ikiwa na injini nne zenye mapangaboi ya kusukuma kutoka nyuma, na mapangaboi hayo yalileta taabu tele. Mafundi wakayaondoa, wakatia injini nane za jeti, na tarehe 21 Oktoba 1947 ikaruka YB-49.

Nyuma ya ndege hii ya vita, Northrop alikuwa na mpango wa ndege ya amani. Kiwanda kilitengeneza senema kuonyesha bawa hilo hilo likiwa ndege ya abiria 80. Watu wameketi ndani ya bawa, kioo kirefu kimepangwa ukingoni mwa mbele, na msafiri atazama mawingu yakimjia usoni kama nahodha aliyesimama omoni. Ndani mna baraza ya kupumzikia, na wasafiri wakihudumiwa vinywaji vyao, ambavyo vingine si vyetu sisi. Senema hiyo ipo hata leo. Ndege yenyewe haikuundwa kamwe.

Kwa nini? Tuanze na maumbile. Mtu ni lazima asimame wima ndani ya ndege, na bawa lile katikati lilikuwa na unene wa kama mita mbili tu. Kadiri unavyokwenda kwenye ncha ndivyo linavyokonda. Ukitaka nafasi zaidi huna budi kulikuza bawa lote. Northrop alilifahamu hilo na kulieleza kinaganaga mbele ya wataalamu wa London mwezi wa Mei 1947, kwamba bawa tupu lafaa zaidi kwa ndege kubwa sana. Tena abiria anayeketi mbali na katikati, ndege ikilala upande, yeye hupanda au kushuka kama aliyeketi mwisho wa pembea. La pili ni fedha. Mashirika ya ndege wakati ule yalikuwa yakinunua DC-6 na Constellation, ndege za umbo linalojulikana, na hapakuwa na tajiri wa kutoa mali yake kwa bawa lisilo mkia mpaka jeshi lilipe kwanza gharama za kulijaribu. Hatima ya ndege ya abiria ikawa imefungwa pamoja na ndege ya mabomu, kama tishali nyuma ya meli.

Na meli ikazama. Tarehe 5 Juni 1948 YB-49 moja ilianguka katika jangwa la California, wakafa wote watano waliokuwamo. Mmoja wao alikuwa Kapteni Glen Edwards, na uwanja wa majaribio wa huko ulipewa jina lake, ndilo ulilo nalo hadi leo. Hata hivyo serikali iliagiza ndege 30 zaidi. Februari 1949 ndege ya namna hiyo iliruka kutoka California hadi jirani na Washington kwa saa nne na dakika chache, na Rais Truman akaikagua. Lakini agizo la zile 30 lilikuwa limeshafutwa Januari ya mwaka ule ule. Fedha zilikwenda kwa B-36 ya kiwanda cha Convair. Yale mabawa makubwa yaliyokuwa yameanza kuundwa yakakatwa vipande, yakauzwa kama vyuma vikuukuu.

Hapa pana neno ambalo halijapatana hadi leo. Mwaka 1949, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na chini ya kiapo, Northrop alisema hakushurutishwa na mtu. Miaka 30 baadaye, katika mahojiano ya televisheni ya mwaka 1979, alisema kinyume: kwamba Waziri wa Jeshi la Anga, Stuart Symington, alimtaka auunganishe mradi wake na Convair, akakataa kwa kuwa masharti hayakuwa ya haki, na agizo likafutwa kwa ajili hiyo. Symington alikanusha. Wachunguzi wengi wa mambo ya ndege wasema bawa lile lilikuwa na kasoro za kweli, lilitikisika pua kulia na kushoto hata likawa gumu kulengea mabomu, na halikufika mbali kama B-36. Mimi naona yote mawili yaweza kuwa kweli kwa pamoja, chombo kiwe na kasoro na mwenye chombo adhulumiwe. Ila kiapo ni kiapo, na huenda mwaka 1949 aliogopea kiwanda na wafanyakazi wake.

Mwaka 1952 alistaafu, ana miaka 57. Watu hukumbuka silaha zake wakasahau kwamba, vita vilipokwisha, kiwanda chake kilitengeneza mikono ya bandia kwa askari waliokatwa viungo, ikivutwa kwa nyaya nyembamba kama zinazovuta vibao vya ndege. Kiwanda kiliendelea bila yeye. Ndege za F-5 za Jeshi la Wanahewa la Kenya zilitoka humo.

Mnamo Aprili 1980, Northrop akiwa mgonjwa, hawezi kutembea wala kusema vizuri, aliitwa kiwandani kwa siri, kwa idhini maalumu ya serikali. Akawekewa mikononi mfano mdogo wa ndege mpya. Ilikuwa bawa tupu. Kompyuta zilikuwa zimepatikana za kulituliza mara nyingi kwa sekunde, jambo ambalo mkono wa rubani hauliwezi. Inasimuliwa kwamba aliandika kwenye karatasi kuwa sasa amefahamu kwa nini Mungu alimrefushia umri. Alifariki tarehe 18 Februari 1981.

Ndege hiyo, B-2, iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Julai 1989. Upana wake ni futi 172, sawasawa na wa ile ya kwanza. Ziliundwa 21, na miongoni mwa anga zilizozijua ni za Serbia mwaka 1999, Afghanistan mwaka 2001 na Iraq mwaka 2003, ambako waliokuwa chini hawakuwa na kioo cha kutazamia mawingu. Ndege ya abiria 80 ingali katika senema. Na lile bawa dogo la manjano la mwaka 1940 limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian lililo karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, katika jimbo la Virginia.