Gerolamo Cardano: daktari mcheza kamari aliyetafuta haki katika dau

Anayeketi barazani Palma, au katika kijiji chochote cha ghuba ya Tungue, na kushika karata, hutumia maneno yaliyokuja na Wareno: karata, turufu, kopa, shupaza. Pamoja na karata lilikuja swali ambalo halijazeeka. Watu wanapowekeana dau, hasa dau la pembeni ambalo wenzao mezani hawalijui, haki iko wapi? Nchini Italia, katika karne ya 16, daktari mmoja alilitafakari swali hilo kuliko watu wengi wa zama zake, na alilipa gharama kubwa kwa kulijua.

Gerolamo Cardano alizaliwa Pavia tarehe 24 Septemba 1501, nje ya ndoa. Baba yake, Fazio, alikuwa mwanasheria wa Milano aliyeijua hisabati na kufahamiana na Leonardo da Vinci. Mama yake, Chiara, aliikimbia tauni mjini Milano kabla ya kujifungua, na watoto wake wengine watatu waliuawa na maradhi hayo. Kijana huyo alisomea udaktari Pavia na Padova. Baba alipofariki mwaka 1524, urithi ulikuwa mdogo, na mwanafunzi akaanza kutafuta riziki yake katika dadu na karata.

Alipohitimu, chama cha madaktari cha Milano kilikataa kumpokea kwa sababu ya kuzaliwa nje ya ndoa. Mlango huo haukufunguliwa hadi mwaka 1539. Katika miaka ya katikati alioa, akahamia miji midogo, akacheza kamari, akapoteza. Vito vya mke wake na vyombo vya nyumbani viliwekwa rehani, na familia ikaishia katika nyumba ya maskini. Uzeeni alikiri kwamba alicheza sataranji kwa miaka 40 na dadu kwa miaka 25, tena kila siku.

Tukio moja la ujana wake lajulikana sana. Akiwa Venezia, katika nyumba ya mtu, alipoteza fedha, nguo na pete zake. Kisha akagundua kwamba karata zilikuwa zimetiwa alama. Akamjeruhi mwenye nyumba usoni kwa jambia, akachukua alichopoteza na kuondoka. Hata hivyo, alipoiona damu ya yule mtu, alimrudishia sehemu ya fedha. Ndani ya Cardano walikaa watu wawili: mwenye pupa ya kushinda, na mwenye dhamiri isiyolala.

Mtu huyo wa pili ndiye aliyeandika kitabu chake kuhusu michezo ya bahati. Ndani yake alihesabu matokeo ya dadu: mbili zina matokeo 36, tatu zina 216. Alijadili pia primero, mchezo wa karata nne ambao huhesabiwa miongoni mwa mababu wa poka, kwa kuwa mchezaji aliweza kupandisha dau ili kumtisha mpinzani hata akiwa na karata dhaifu.

Lakini msingi wa kitabu ni usawa. Kwa maoni yake, mchezo ni wa haki pale tu hali za wachezaji zinapolingana: wapinzani, fedha, vifaa, mahali, na hata watazamaji. Usawa ukipotoka kwa faida ya mpinzani wako, wewe ni mjinga; ukipotoka kwa faida yako, wewe ni dhalimu.

Kipimo hicho kinalifikia dau la pembeni moja kwa moja. Tuchukue marafiki wanane wanaofanya mashindano madogo ya poka, kila mmoja ametoa kiingilio sawa. Wawili wao wanapatana kwa siri kwamba yeyote atakayeshinda atamgawia mwenzake zawadi. Wanajiona hawamdhuru mtu, kwa sababu fedha ni zao. Lakini sasa kila mmoja ana sababu ya kumhurumia mwenzake karata zinapokutana, na wale sita wanapambana na watu wawili walio kitu kimoja bila kujua. Mtazamaji aliyeweka dau kwa mchezaji fulani huharibu mchezo vilevile: akiziona karata za mtu, uso wake waweza kuzitangaza.

Dau hilohilo likitangazwa kabla ya karata kugawiwa, wengine wanaweza kulikataa, au kucheza huku wakijua. Haitoshi basi wawili waliowekeana dau kuridhika. Kila anayeguswa nalo sharti alijue.

Hesabu nayo ina sehemu yake katika haki. Dadu mbili zikitupwa, sita huonekana angalau mara moja katika matokeo 11 tu kati ya 36. Mtu akikuwekea pembeni dau la kiasi sawa kwamba haitaonekana, anakupunja kwa utaratibu. Dau la haki ni wewe kuweka meticais 11 na yeye 25. Anayejua hesabu hiyo na kuinyamazia mbele ya asiyejua, kwa kipimo cha Cardano, anatumia alama ya karata isiyoonekana kwa macho.

Maisha yake yaliendelea kwa fahari na misiba. Mwaka 1545 alichapisha Ars Magna, kitabu kikuu cha aljebra. Mwanahisabati Tartaglia alimlaumu kwa kuvunja ahadi, kwani kanuni mojawapo alikuwa amempa kwa siri; Cardano alijitetea kwamba mtu mwingine aliigundua mapema zaidi. Mwaka 1552 alisafiri hadi Scotland kumtibu askofu mkuu John Hamilton ugonjwa wa pumu. Mwaka 1560 mwanawe mkubwa alikatwa kichwa kwa kosa la kumuua mkewe kwa sumu. Mwana mwingine alirithi mapenzi ya kamari. Mwaka 1570 Cardano mwenyewe alifungwa na mahakama ya Kanisa. Baadaye alihamia Roma, akaandika habari za maisha yake, na akafariki tarehe 21 Septemba 1576.

Kitabu chake cha kamari kilichapishwa mwaka 1663, miaka 87 baada ya kifo chake. Wakati huo Pascal na Fermat walikuwa wamekwisha kuandikiana, mwaka 1654, juu ya mgawanyo wa dau, na sifa nyingi za kuanzisha elimu ya uwezekano zikawa zao.

Kwa wengi wa pwani yetu, dini imekwisha kulijibu swali hili: kamari ni haramu, iwe mezani au pembeni. Cardano aliwasili karibu na jibu hilo kwa njia ya hasara, akiandika kwamba faida kubwa kuliko zote katika kamari ni kutocheza kabisa. Kijana wa leo anayebashiri mpira kwa simu, au anayepatana na mwenzake kando ya meza, anaweza kuanza na swali lake: katika mchezo huu, ni nani mwingine mwenye dau nisilolijua, na ni nani asiyelijua langu?