Oskar Barnack: Fundi mwenye pumu aliyechoka kubeba kamera nzito

Juni 2022, kwenye mnada mjini Wetzlar, Ujerumani, kamera moja ndogo iliuzwa kwa euro milioni 14.4. Soma tena hiyo namba. Hakuna kamera nyingine iliyokuwa imewahi kufika bei hiyo.

Ukiiangalia kwenye picha haina maajabu. Ni kidude kirefu cha chuma kinachoenea kwenye viganja viwili, namba yake 105. Ila juu ya sehemu ya kuchungulia limechongwa jina la aliyekuwa akiitumia: Oscar Barnack.

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaotafuta Leica ya dijitali ya zamani, ile M8 ya 2006 au M9 ya 2009, na unajiuliza uifunge lenzi gani ya enzi za mababu, huyu ndiye mzee wa kuanza naye. Maana pesa utakayotoa ni nyingi, na sababu ya lenzi ya 1932 kukaa kwenye kamera ya dijitali bila ugomvi inaanzia kwenye kifua chake kibovu.

Alitaka kuchora, akapelekwa kwenye ufundi

Barnack alizaliwa tarehe 1 Novemba 1879 katika kijiji cha Lynow, jimbo la Brandenburg, si mbali na Berlin. Kijana alipenda kuchora mandhari. Nyumbani wakaona uchoraji hauleti ugali, akapelekwa kujifunza ufundi wa vyombo vya kupimia kwa fundi mmoja karibu na Berlin. Hadithi tunayoijua wengi wetu, sema hii ni ya miaka ya 1890.

Alipohitimu akazunguka kutafuta kazi, kama mafundi wa Kijerumani walivyokuwa wakifanya, hadi 1902 alipoingia kiwanda cha Zeiss mjini Jena. Kiwanda kikubwa, jina kubwa, watu wa lenzi haswa. Tatizo likawa afya. Barnack alikuwa na pumu, na kwa mtu anayeugua mara kwa mara ajira ya uhakika ilikuwa ndoto.

Mwisho wa wiki alikuwa na burudani moja tu: kwenda kupiga picha kwenye misitu ya Thuringia. Kamera za wakati ule zilitumia vioo. Kila picha moja kioo kimoja, sentimita 13 kwa 18, pamoja na boksi lenyewe, miguu mitatu ya kusimamishia na begi la vioo vya akiba. Sasa mpe mzigo huo mtu mwenye pumu, mpandishe mlima.

Hapo ndipo wazo likaja. Kwa nini usipige picha ndogo, kisha uikuze baadaye ukiwa umekaa nyumbani? Mwanzoni alijaribu kugawa kioo kimoja kipate picha ndogo nyingi. Ikafeli. Chembe za dawa kwenye kioo zilikuwa kubwa mno, picha ikikuzwa inageuka mchanga.

Rafiki alimfungulia mlango

Emil Mechau, mwenzake wa Zeiss, alihamia Wetzlar kwenye kampuni ya Ernst Leitz, waliokuwa wakitengeneza hadubini. Akamtaja Barnack. Januari 1911 Barnack akaanza kazi Leitz, akakabidhiwa karakana ya majaribio. Kumbuka huyu ni mtu ambaye mwajiri yeyote angeweza kumkataa kwa kuangalia tu kifua chake. Wakampa nafasi, na nafasi hiyo ikaja kuibeba kampuni nzima.

Pale alishughulika pia na kamera ya sinema, na filamu ya sinema ya upana wa milimita 35 ikawa mkononi mwake kila siku. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Barnack akailaza filamu, akachukua fremu mbili kwa pamoja: milimita 24 kwa 36. Basi. Kipimo hicho ndicho leo madukani wanakiita "fremu kamili", na ndicho kilichomo kwenye kihisi cha Leica M9. Fundi alichagua kipimo kwa sababu ya filamu iliyokuwepo mezani kwake, dunia ikakiganda kwa zaidi ya miaka 100.

Kufikia 1914 kamera yake ya kwanza ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa na kasoro ya kuchekesha: ukizungusha filamu lazima uifunike lenzi kwa kifuniko, la sivyo mwanga unaingia na kuharibu picha. Agosti mwaka huo, vita ilipotangazwa, Barnack akatoka mtaani Wetzlar na kumpiga picha askari aliyekuwa amebandika tangazo la kuita watu jeshini. Leo kila mtu angefanya hivyo na simu. Mwaka 1914 kutoka na kamera mfukoni hivyo hakukuwa jambo la kila mtu.

Vita hiyohiyo ilitufikia na sisi. Oktoba 1917 watu waliuana Mahiwa, mkoani Lindi, na Novemba jeshi la Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile hawakuwa na Barnack wa kwao wa kuwapiga picha njiani, na kwa kweli ndiyo maana sura zao nyingi hatuzijui.

Uamuzi wa 1924

Vita ilisimamisha kila kitu. Baada ya vita likaja janga la pesa: mwaka 1923 hela ya Ujerumani iliporomoka mpaka mkate ukawa unanunuliwa kwa mabunda ya noti. Katikati ya balaa hilo Leitz wakatengeneza kamera chache za majaribio. Namba 105 ni mojawapo.

Mwaka 1924 wakuu wa kampuni wakakaa kuamua. Wapo waliopinga, na walikuwa na hoja: hawa ni watu wa hadubini, hawajawahi kuuza kamera, na wauza kamera wenyewe walikuwa wanaona kidude hiki kama mchezo wa watoto. Aliyekuwa na neno la mwisho ni Ernst Leitz wa pili, mtoto wa mzee mwenye jina lake. Akaamua wathubutu. Kilichokuwa mezani ni kazi za watu wake, kwa sababu kiwanda kilihitaji bidhaa mpya ili wafanyakazi waendelee kula.

Machi 1925 kamera ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Jina: Leica, yaani Leitz na kamera zikaunganishwa.

Ila Barnack hakuwa peke yake, na hapa watu wengi hukosea. Kamera ndogo bila lenzi kali ni bure, maana picha ndogo inakuzwa sana na kila kosa linaonekana. Lenzi ilikuwa kazi ya Max Berek, mtaalamu wa hesabu za mwanga aliyekuwa palepale Leitz. Lenzi yake ya milimita 50 ilijulikana kwanza kama Anastigmat, kisha Elmax, kisha ikaja Elmar, tundu lake kubwa kabisa likiwa f/3.5. Ni ndogo, inazama ndani ya kamera ukiisukuma, na ndiyo lenzi ninayoona inafaa kuwa ya kwanza kwa yeyote anayeanza safari hii. Siyo kwa sababu ni kali kuliko zote. Ziko nyingi, mafundi wanazijua, na ukichoka nayo utapata mtu wa kumuuzia.

Skrubu iliyookoa lenzi zote

Mwaka 1930 Leica ikaanza kubadilishwa lenzi. Mwanzoni kila lenzi ilipaswa kulinganishwa kiwandani na kamera yake, ukiazima ya jirani haikubali. Mwaka uliofuata wakasawazisha vipimo, na lenzi yoyote ikaingia kwenye kamera yoyote kwa skrubu ya upana wa milimita 39. Mwaka 1932 ikaja Leica II, ambayo ndani yake kuna renjifainda iliyounganishwa na lenzi: unachungulia, unaona picha mbili, unazungusha lenzi mpaka zinakaa moja juu ya nyingine. Hapo umelenga.

Hayo mambo mawili ndiyo urithi wako ukiwa na kamera ya dijitali ya aina hii. Mwaka 1954, mwaka ambao kazi ya kujenga bandari ya Mtwara ilikamilika, Leitz walitoa Leica M3 yenye mdomo mpya, lakini wakaupima makusudi ili lenzi za skrubu ziingie kwa kutumia pete nyembamba. Epson R-D1 ya 2004, M8 na M9 zote zina mdomo huo. Nunua pete, kaza lenzi, piga.

Sasa tuongee ukweli wa kununua.

M8 ina kihisi kidogo kuliko fremu ya Barnack, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 inakuwa kama ya 67. Kwa picha za watu sawa, kwa harusi ndani ya ukumbi mdogo utagonga ukuta wa nyuma. Mwenye M8 atafute ya milimita 35, kwa mfano Summaron f/3.5, itamkalia kama ya 47. Jambo lingine: M8 inaona mwanga wa infraredi ambao macho hayaoni, na vitambaa vyeusi vya nailoni au poliesta vinatoka zambarau. Fikiria umepewa kazi ya harusi Mikindani, mabuibui yote yametoka zambarau. Utamweleza nini bi harusi? Kampuni yenyewe ilikiri na kuwapa wanunuzi vichujio vya kufunga mbele ya lenzi. Kwa hiyo kabla hujalipia lenzi ya zamani, uliza upana wa mdomo wake wa mbele, maana nyingine zina vipimo vya ajabu na kichujio chake ni shida kupatikana.

M9 haina tatizo hilo kwa kiasi hicho, ila kioo kinachofunika kihisi chake huliwa taratibu na kuacha madoa madogo. Kampuni ilikibadilisha kwa miaka kadhaa, kisha vipuri vikaisha. Ukiwa unanunua, mwambie muuzaji apige picha ya anga tupu kwa tundu dogo, f/16, na akutumie faili kamili. Akikataa, achana naye.

Summar ya f/2, iliyotoka 1933, inavutia kwa bei na kwa jina. Kioo chake cha mbele ni laini, na nyingi zimekwaruzwa na miaka 90 ya kufutwa kwa kona ya shati. Pia haina dawa ya kuzuia mng'ao. Jua la saa saba mchana pale Msimbati litakufulia picha yote nyeupe. Jioni, au kwenye kibaraza chenye kivuli, inatoa ngozi nzuri sana. Mimi nisingeifanya lenzi yangu ya pekee.

Kama mfuko hauruhusu jina la Leitz, ipo Jupiter-8 ya Kisovieti, milimita 50 f/2. Ni rahisi na ina picha tamu, ila baadhi yake hazilingani vizuri na renjifainda ya Leica ukilenga karibu. Weka futi ya fundi cherehani mezani, lenga namba moja kutoka mita moja, tundu likiwa wazi kabisa, uone kama namba hiyo ndiyo iliyokaza. Canon za skrubu za f/1.8 nazo ni imara, tatizo lake ni ukungu mwepesi unaoota ndani ya kioo.

Na kwetu huku pwani ukungu siyo wa kuchukulia poa. Hewa ya bahari ni chumvi na unyevu, na kuvu wa lenzi wanapenda giza la kabati. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma huku tundu liko wazi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, usinunue hata kwa bei ya kutupwa. Ukishanunua, ihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Hakuiona M3

Barnack aliendelea kurekebisha kamera yake mpaka mwisho. Mwaka 1933 ikatoka Leica III, na waandishi wa habari wa Ulaya wakawa wameanza kuachana na maboksi mazito. Pumu haikumwachia. Alifariki tarehe 16 Januari 1936 huko Bad Nauheim, akiwa na miaka 56, miaka 18 kabla ya M3. Max Berek alimfuata mwaka 1949. Tangu 1979, miaka 100 baada ya kuzaliwa kwa Barnack, kuna tuzo ya wapiga picha yenye jina lake.

Ah, na kuhusu ile Elmar inayozama ndani: kwenye kamera za filamu unaisukuma bila wasiwasi. Kwenye ya dijitali iache nje, ndani hakuna nafasi ileile na unaweza kukwaruza vitu ambavyo hakuna fundi wa Mtwara atakayekutengenezea.