Grantly Dick-Read: Daktari aliyesema hofu ndiyo huzidisha maumivu ya leba

Leo mkunga akikwambia uvute pumzi taratibu na ulegeze mwili, unaona ni jambo la kawaida tu. Lakini katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa Uingereza alibezwa na wenzake kwa kusisitiza mambo kama hayo. Anaitwa Grantly Dick-Read.

Je, alikuwa nani, na kwa nini bado anazungumzwa zaidi ya miaka 60 baada ya kufariki?

Mtoto wa msaga unga

Dick-Read alizaliwa Januari 26, 1890 huko Beccles, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na biashara ya kusaga unga. Alisoma Cambridge, kisha akaenda kujifunza udaktari katika London Hospital, eneo la Whitechapel, ambalo enzi hizo lilikuwa la watu maskini kabisa.

Huko ndiko lilikotokea tukio ambalo alilisimulia maisha yake yote. Aliitwa usiku kumzalisha mama mmoja kwenye chumba kibovu. Mtoto alipokaribia kutoka, akampa mama barakoa yenye klorofomu, yaani dawa ya nusu kaputi. Mama akakataa. Akajifungua kwa utulivu, bila kelele.

Baadaye daktari akamuuliza kwa nini alikataa dawa. Mama akashangaa swali lenyewe. Akamjibu kwamba hakuumia, na kwani ilitakiwa aumie?

Jibu hilo halikumtoka kichwani.

Enzi za klorofomu

Ili uelewe kwa nini lilimshtua, angalia hali ilivyokuwa. Malkia Victoria alitumia klorofomu kujifungua mwaka 1853, na kuanzia hapo dawa hiyo ikapata heshima. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja nyingine, mchanganyiko wa mofini na skopolamini, uliomwacha mama akiwa nusu usingizi na asikumbuke chochote.

Kwa hiyo madaktari wengi waliona njia ni moja tu: maumivu yapo, mpe mama dawa alale. Hofu yake haikuwa na nafasi kwenye hesabu.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, Dick-Read alienda kuhudumu jeshini na akajeruhiwa huko Gallipoli. Baada ya vita alirudi kwenye uzazi, akafanya kazi Woking, karibu na London.

Hofu, kukaza, maumivu

Mwaka 1933 alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu uzazi wa asili. Hoja yake ilikuwa hivi: mama akiogopa, mwili unakaza. Mwili ukikaza, njia inachelewa kufunguka na maumivu yanazidi. Maumivu yakizidi, hofu nayo inapanda. Mzunguko unaendelea hivyo hivyo.

Tiba yake? Mweleze mama mapema, akiwa bado mjamzito, mwili wake utafanya nini. Mfundishe kupumua na kulegeza misuli. Halafu kubwa kuliko yote, usimwache peke yake kwenye leba. Kwake yeye, upweke ulikuwa sehemu ya maumivu.

Tofauti na wengi wanavyodhani, hakupinga dawa za maumivu. Alitaka ziwepo karibu kwa anayezihitaji. Alichopinga ni kumlaza kila mama hata kama hajaomba.

Kitabu chake cha pili kilitoka 1942, na miaka miwili baadaye kikafika Marekani kwa jina la Childbirth Without Fear, yaani kujifungua bila hofu. Kikasomwa sana. Madaktari wengi waliendelea kumbeza, lakini wanawake waliomwamini walizidi kuongezeka.

Safari ya Afrika, na kosa lake

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alihamia Afrika Kusini. Baadaye akafunga safari ndefu kupita nchi kadhaa za Afrika pamoja na mkewe, Jessica, akiangalia wanawake wanavyojifungua. Mwaka 1955 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo.

Hapa ndipo msomaji wa kwetu anapaswa kuwa macho. Dick-Read alikuwa na imani iliyoenea kwa Wazungu wa wakati wake, kwamba wanawake waliowaita wasiostaarabika huzaa kirahisi tu. Sio kweli. Bibi zetu waliumia, waliogopa, na wengi walipoteza maisha.

Kuna tatizo jingine. Ukisema hofu ndiyo inaleta maumivu, ni rahisi mama aliyelia leba aonekane ni mwoga, kwamba kosa ni lake. Wanawake wengi wamemkosoa kwa hilo, na pia kwa kuamini kuwa kazi kuu ya mwanamke ni kuzaa.

Alichotuachia

Mwaka 1956 wanawake wa Uingereza walianzisha chama cha kutetea uzazi wa asili, na yeye akawa rais wake wa kwanza. Alifariki Juni 11, 1959, akiwa na miaka 69.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa huduma wakati wa kujifungua. Ndani yake yamo mazoezi ya kupumua, kulegeza misuli, muziki, kukandwa mwili na kuwekewa kitu cha moto, kwa mama mwenye afya njema anayependa njia hizo. Sindano na dawa za maumivu nazo zimo, kwa anayezitaka. Pia unataka kila mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kukaa naye leba.

Tuwe wazi lakini: kupumua hakuzuii damu inayomwagika, wala hakumtoi mtoto aliyekwama. Hapo ni hospitali, tena haraka.

Ila kumshika mama mkono, kumkanda mgongo na kumweleza kinachoendelea hakuhitaji mashine wala fedha nyingi. Bado zipo wodi ambako mama anaingia peke yake na ndugu wanabaki nje getini. Kama wewe au mtu wako ni mjamzito, ulizeni mapema kliniki kama mwenza anaruhusiwa kuingia. Swali hilo liulizwe kabla uchungu haujaanza.