Otto Warburg: Aliyeuona Ulafi wa Saratani

Wengi wetu tukitajiwa wanasayansi twawakumbuka Newton na Einstein, basi. Mimi leo nimemchagua bwana ambaye hazungumzwi sana mabwenini, ingawa kazi yake ingali inawafaa wagonjwa: Otto Warburg wa Ujerumani.

Alizaliwa mjini Freiburg tarehe 8 Oktoba 1883. Babake alikuwa profesa wa fizikia. Kijana alihitimu udaktari wa kemia mwaka 1906 na wa tiba mwaka 1911. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, akawa askari mpanda farasi, akajeruhiwa. Mwaka 1918 Einstein mwenyewe alimwandikia barua kumsihi arudi maabarani. Akarudi.

Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa saratani na kupima hewa vinayotumia. Kumbe! Sisi tuliosoma upumuaji wa seli twajua kwamba oksijeni ikiwapo, seli nyingi huvunja sukari hadi mwisho. Seli za saratani zilifakamia sukari na kuichachusha kuwa asidi ya laktiki, ileile ya maziwa mala, hata oksijeni ikiwa tele.

Mwaka 1931 akapata tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa kimeng'enya cha upumuaji. Kisha akaja Hitler. Babake Warburg alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwanafunzi wake, Hans Krebs, alihamia Uingereza mwaka 1933, lakini yeye akabaki. Mwaka 1941 alifukuzwa kazini, na muda si muda akarudishwa. Nimsifu au nimlaumu kwa kubaki? Mpaka leo nasitasita.

Tena alikuwa mkaidi, si mchezo! Alishikilia kwamba kuharibika kwa upumuaji wa seli ndicho chanzo cha saratani. Wanasayansi wa leo wanaonyesha kwamba saratani hutokana na mabadiliko katika jeni. Yeye hakuyumba mpaka alipofariki tarehe 1 Agosti 1970.

Lakini kipimo chake hakikuzikwa naye. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, binadamu wa kwanza alidungwa sukari iliyotiwa florini yenye mnururisho. Kwa kamera maalumu iitwayo PET, uvimbe unaofakamia sukari hung'aa kama kaa la moto.

Hebu fikiria mgonjwa wa saratani ya tishu laini, kama vile misuli au mafuta. Uvimbe unaong'aa sana mara nyingi ndio mkali. Mng'ao ukififia baada ya dawa, kuna matumaini, hata kama uvimbe haujapungua sana. Mwaka 2001 madaktari wa Helsinki, Ufini, waliripoti habari za mgonjwa mwenye uvimbe wa aina hiyo ulioanzia tumboni. Baada ya mwezi mmoja wa vidonge vipya, mng'ao ulikuwa umetoweka, na uvimbe wenyewe ungali unaonekana.

Dalili ya mvua ni mawingu, ingawa si kila wingu hunyesha; hata kidonda chenye uambukizo huweza kung'aa. Ndiyo maana daktari hutazama na vipimo vingine.

Funzo ninalolipata ni hili: Warburg alikosea katika kueleza, lakini hakukosea katika kupima. Basi wenzangu, tuwapo maabarani, tuandike tunachokiona, si tunachokitamani. Maelezo yetu huenda yakaanguka kesho, ila kipimo cha kweli kitamfaa mtu.