Runge na Madoa Yake

Kila ninywapo kahawa chungu barazani hapa Msambweni, tone likiangukia gazeti hutambaa, ukingo ukawa mweusi na katikati hafifu. Hapo humkumbuka Friedlieb Ferdinand Runge, mwana wa kasisi, aliyezaliwa karibu na Hamburg mwaka 1794.

Mwaka 1819, mjini Jena, alimwonyesha mshairi Goethe paka aliyetiwa dawa ya beladona, mboni ya jicho imetanuka. Goethe alipendezwa, akampa buni azichunguze. Runge akatoa humo kafeini, ile itunyimayo usingizi. (Paka, maskini, hatajwi tena.)

Mwaka 1834 akapata anilini katika lami ya makaa ya mawe, asili ya rangi nyingi za viwandani. Kiwanda alichokitumikia Oranienburg hakikujali. Wengine ndio waliotajirika.

Lakini mimi nampendea kitabu chake cha mwaka 1855. Alidondosha maji ya mrututu na dawa nyinginezo juu ya karatasi inyonyayo. Dawa hizo haziendi mwendo mmoja: hii hukwama nyuzini, ile husonga mbele, na zikutanapo huzaa rangi mpya na kuganda. Yakatokea maua na pete bila mkono wa mchoraji. Madoa yenyewe yalibandikwa kitabuni, kwa hiyo hakuna nakala mbili zilizofanana kabisa.

Runge aliamini vitu vina hamu ya kujiumba. Nadhani hapo alipotea. Lakini mwaka 1944 wataalamu wa Uingereza walitenganisha michanganyiko kwa karatasi vivyo hivyo. Yeye alikuwa amekufa tangu 1867, fukara.