Ibn al-Awwam wa Ishbilia: Mwanachuoni Aliyeanza na Mbegu



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mwenye kuipasua mbegu na kokwa, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Ama baad. Ndugu zangu, tukitaja wanazuoni wa Kiislamu hapa chuoni, majina ni yale yale: Ibn Sina kwa tiba, al-Khwarizmi kwa hesabu, Ibn al-Haytham kwa elimu ya mwanga. Mimi nasoma kilimo, na kwetu ni Kabonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Kwa hiyo leo nimemchagua mtu wa shamba.

Jina lake kamili ni Abu Zakariyya Yahya bin Muhammad bin Ahmad, maarufu Ibn al-Awwam al-Ishbili. Aliishi Ishbilia, mji ambao leo unaitwa Sevilla, huko Uhispania, mwishoni mwa karne ya 12 Miladia. Ulikuwa wakati wa dola ya Muwahhidun, na mnara mkubwa wa msikiti wa Ijumaa wa mji huo ulikamilika mwaka 1198. Magharibi ya mji kulikuwa na vilima vya al-Sharaf, nchi ya mizeituni na mitini. Huko ndiko Ibn al-Awwam alikokuwa akifanyia majaribio yake. Hakuacha habari za safari wala za vita. Alichoacha ni kitabu kimoja, Kitab al-Filaha, yaani Kitabu cha Kilimo, na maisha yake tunayasoma humo.

Kitabu hicho kina milango zaidi ya 30. Kinaanza na udongo: upi mzuri, upi mbaya, na utaujuaje. Kinafuata na samadi, maji, bustani, kupanda miti na kuiunganisha, kisha nafaka na kunde, na mwisho mifugo. Ndani yake imetajwa mimea zaidi ya 500, na miti ya matunda zaidi ya 50. Kwa mwanafunzi wa leo hiyo ni maktaba nzima ndani ya jalada moja.

Aliichota wapi elimu hiyo? Hapa ndipo ninapompenda. Alichukua kwa Waislamu waliomtangulia hapo hapo Andalusia, kama Ibn Bassal wa Tulaytula, Ibn Hajjaj na Abu al-Khayr. Alichukua kwa Ibn Wahshiyya wa Iraq, aliyeandika Kilimo cha Wanabati katika karne ya 10. Alichukua pia kwa Wayunani na Warumi, wala hakuona aibu kuwataja. Lakini hakumeza kila alichopewa. Alieleza mwenyewe kwamba rai yake haikuingia kitabuni mpaka aijaribu shambani mara nyingi.

Kilimo cha Wanabati kilikuwa kimechanganya ukulima na uchawi wa nyota na hirizi. Ibn Khaldun, alipoizungumzia elimu ya kilimo katika Muqaddima yake karibu miaka 200 baadaye, alimtaja Ibn al-Awwam kuwa ndiye aliyekifupisha kitabu kile, akabakisha mambo ya mimea na kuacha sihri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa: kupepeta, kama mama zetu wanavyopepeta mchele, makapi upande na punje upande.

Sasa niiseme habari ya mbegu. Wakulima wa kale walijua kwamba mmea hufa mara nyingi kabla haujaonekana. Mrumi Columella, katika karne ya 1, aliandika kuhusu kuroweka mbegu katika maji ya mmea mmoja wenye majani manene ili wadudu wasiile. Elimu ya aina hiyo ndiyo aliyorithi Ibn al-Awwam: chagua punje iliyojaa, ijaribu kama inaota, kisha itayarishe kabla ya kuizika.

Kwa nini jambo hili ni zito? Mimi nimeliona kwetu. Maharage yanapandwa mvua ikianza, yanachipua vizuri, kisha katika wiki za mwanzo miche inageuka njano na kulala. Uking'oa mmoja na kupasua shina lake karibu na ardhi, unakuta funza wa inzi wa maharage. Mingine haitokezi kabisa, kwa sababu kuvu wa udongoni wameiozesha mbegu. Mama amekwisha kutoa mbegu, amekwisha kulima, na mvua haimngojei. Mbegu iliyotiwa dawa inabeba ulinzi wake yenyewe: dawa kidogo imeizunguka punje, inaulinda mzizi na shina changa kwa wiki zile za hatari, wala hakuna haja ya kunyunyizia shamba zima.

Siri ya ulinzi huo ilifunguka polepole. Mwaka 1807, karne sita baada ya Ibn al-Awwam, Bénédict Prévost wa Montauban, Ufaransa, alionyesha kwamba ugonjwa mmoja unaoharibu punje za ngano unaletwa na kuvu hai, na kwamba maji yenye shaba kidogo huzuia vijimbegu vya kuvu huyo visiote. Naye alijaribu, akatazama, akajaribu tena.

Lakini elimu isiyofika kwa mkulima inaweza kuua. Mwaka 1971 Iraq, nchi ile ile ya Ibn Wahshiyya, ilitoka katika ukame ikaagiza ngano na shayiri za mbegu zilizotiwa dawa ya zebaki. Punje zilipakwa rangi kama alama ya sumu, na magunia yalikuwa na maonyo kwa Kihispania na Kiingereza. Mkulima wa Iraq anasoma Kiarabu. Mahali pengi mbegu zilifika msimu wa kupanda umepita. Watu walikuwa na njaa. Wengine waliosha rangi, wakadhani sumu imetoka, wakasaga na kuoka mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitali, na 459 wakafia humo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ibn al-Awwam aliandika kwa lugha ya watu wake. Sisi je? Kabonga watu wanasema Kirundi na Kiswahili, na karatasi ya dawa inakuja kwa Kifaransa au Kiingereza. Ndugu yangu unayeisoma lugha hiyo, ile karatasi ni amana shingoni mwako. Mwambie mama kwamba mbegu yenye rangi haipikwi hata ioshwe mara saba, wala hawapewi kuku. Inawekwa mbali na chakula na watoto, inashikwa kwa mikono iliyofunikwa, na mikono inaoshwa kwa sabuni baada ya kupanda.

Asiye na dawa naye ana la kufanya. Punje 100 juu ya kitambaa chenye unyevu zitamwambia baada ya siku chache ni ngapi zinaota. Mbegu za kabichi zinaweza kuzamishwa katika maji ya moto ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kisha zikapozwa na kukaushwa. Moto ukizidi, mbegu inakufa, kwa hiyo kipimajoto ni lazima.

Kuna anayesema kwamba kuitia mbegu dawa ni kupungukiwa na tawakkul. Mwenye shaka hiyo na arejee kisa cha mitende ya Madina, pale Mtume (s.a.w.) alipowaachia watu wa mitende wafanye wanavyojua katika mambo ya dunia yao. Anayeotesha ni Allah peke yake; sisi tumeamrishwa kumfunga ngamia kwanza.

Ishbilia iliondoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1248. Kitabu hakikufa. Mwaka 1802 padri Josef Antonio Banqueri alikichapa Madrid, Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kihispania, kwa ajili ya wakulima wa nchi ile ile iliyowatoa Waislamu. Tafsiri ya Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1864. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda, kila atakayekula, awe mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Ni wangapi wamekula kwa elimu ya mtu huyu?

Allah amrehemu Ibn al-Awwam, aijaalie elimu yetu iwe yenye manufaa, na aibariki miche ya wazazi wetu msimu huu. Amin.