Giulietta Masina si mke wa Fellini tu

Jamani wenzangu, mtaje Giulietta Masina uone: wengi watasema tu ni mke wa Fellini. Mimi sikubali. Alizaliwa 1921 karibu na Bologna, akasomea fasihi Roma, akaigiza redioni. Huko huko redioni ndiko alikokutana na Federico Fellini, mwandishi wa vipindi, wakaoana 1943. Mtoto wao alizaliwa 1945, hakumaliza hata miezi miwili. Hawakupata mwingine.

Ikaja La Strada, 1954. Mtayarishaji alimtaka mwigizaji mwingine, Fellini akagoma. Giulietta akawa Gelsomina, binti maskini ambaye mama yake anamuuza kwa lira 10,000 kwa Zampanò, mbabe anayekata minyororo kwa kifua barabarani. Hasemi sana, yaani ni macho, ngoma na tarumbeta tu, basi unalia! Kumbe ni mama wa miaka 33, msomi, na mtoto ameshamzika.

Filamu ilipata Oscar 1957. Mwaka huohuo Cannes ikampa yeye mwenyewe tuzo ya mwigizaji bora wa kike, kwa Le notti di Cabiria.

Fellini alifariki Oktoba 1993. Giulietta, mgonjwa wa saratani, akamfuata Machi 1994. Wamezikwa Rimini, pamoja na kale katoto kao.